Majivu Yaliyogoma Kupoa

Wiki ile mabomba ya mvuke ya kupasha jengo joto yalipokufa tena, Silvio Marchetta aliamka, akavaa koti juu ya nguo za kulalia, akaweka birika la kahawa juu ya kopo la majivu ya Wendell, akaenda kunyoa ndevu. Aliporudi kahawa ilikuwa inachemka. Akakata kipande cha mkate, akakiegemeza kwenye ubavu wa kopo hadi kikaiva rangi, kisha akakigeuza. Mkate ulikuwa wa dada yake, Assunta, na ulikuwa mzito kama kawaida, kwa sababu jikoni kwake kule Brooklyn kulikuwa na baridi na unga haukuumuka vizuri. Alipomaliza kula aliketi mbele ya mashine ya chapa kuendelea na sura ambamo mjane tajiri anambusu daktari wa farasi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake. Vitabu vilitoka kwa jina la Rosalind Vane, na wanawake wa New York walivisoma kwenye treni wakienda kazini, wakitokwa na machozi. Wendell ndiye aliyekuwa akimsomea rasimu kwa sauti, akibana pua penye mapenzi, mpaka wote wawili wanaishiwa nguvu kwa kucheka. Wendell Tisdale alikuwa mwalimu wa piano, mwana wa Ohio, mwenye vidole virefu na kitambi kidogo cha kupenda keki. Waliishi pamoja katika vyumba vile vya ghorofa ya juu kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi za mtaa ule. Alikufa mwezi wa Oktoba, kitambi kimekwisha, na Silvio aliweza kumbeba kwa mkono mmoja.

Mama yake Wendell, aliyewahi kuja kumuuguza, alikuja tena kwa basi kumchukua akamzike kando ya baba yake. Hakuna nyumba ya maziko iliyokubali kumwosha. Kila aliyepigiwa simu aliuliza kwanza marehemu amekufa kwa nini, na akijibiwa, anakumbuka kwamba wiki hiyo amejaa. Ndiyo sababu Wendell akachomwa, ingawa kwao hawachomi watu. Bi Tisdale alikuwa mwanamke mdogo wa kofia na kanisa, wala hakuwa mtu mbaya. Aliketi kwenye meza ya jikoni, akafungua kopo, akagawa majivu kwa kijiko cha supu, kimoja chake, kimoja cha Silvio, kama majirani wanaogawana sukari wakati wa shida. Kabla ya kumkabidhi fungu lake, akasema anachotaka.

"Wewe ni mtu wa maneno, Silvio. Niandikie tangazo la gazetini. Sema saratani."

"Haikuwa saratani, mama."

"Najua haikuwa. Ni mimi niliyemfuta matapishi, siyo wale wa kanisani. Lakini ninarudi kuishi na wale wa kanisani."

"Na mimi nitakuwa nani humo?"

"Rafiki," alisema Bi Tisdale, akamsukumia kopo. "Rafiki mwema. Hilo la wema nitalikubali."

Silvio akaandika. Mkono ulikuwa umeshazoea. Wanaume wa mtaa ule walikuwa wanakufa kwa kasi, na kila alipokufa mmoja, jamaa zake walishuka kutoka mbali na masanduku yao na aibu yao, na lazima apatikane mtu wa kutunga maneno yatakayowaenea wote. Mtu huyo alikuwa Silvio. Waliopendana maisha mazima aliwaita marafiki. Ugonjwa aliuita ugonjwa mrefu. Aliifanya kazi hiyo kwa upole, bila malipo, na kwa ufundi mkubwa kiasi kwamba dawati la matangazo ya vifo la gazeti kubwa la mji lilianza kutumia sentensi zake hata kwa watu asiowajua. Waswahili husema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakuwahi kufika mtaa wa Silvio, ambako hata kilio kilifundishwa adabu kikajua kunyamaza.

Kopo lilianza kupata moto siku ile ile tangazo lilipotoka. Kwanza rangi ya rafu ikavimba. Silvio akalihamishia juu ya matofali, halafu juu ya jiko lisilowashwa, na hapo likakaa. Hakushangaa sana. Wendell alikuwa amelalamikia baridi ya jengo lile kwa miaka. Bwana Kowalczuk, mwangalizi wa jengo, aliyekuja kugonga mabomba kwa nyundo kama alivyofanya kila majira ya baridi, aliipasha moto mikono yake pale akauliza ni nani huyo.

"Wendell," alisema Silvio.

"Alikuwa mtu mzuri," alisema Kowalczuk. Kesho yake akamwarifu mwenye nyumba kuwa mpangaji wa juu hana tena shida ya joto, na mabomba hayakutengenezwa.

Jumapili Bi Tisdale akapiga simu kutoka Ohio. "Wangu nimemweka kitandani, upande wa miguu," alisema. "Nimemfunga kwa taulo. Tangu utotoni alikuwa mtoto wa miguu ya moto, huyu."

"Na kanisani?"

"Wameniletea vyakula. Wamesema saratani ni mbaya sana."

Habari za kopo zikaenea, na wanaume wa mtaa wakaanza kuja Jumapili alasiri, kila mmoja na lake limefungwa kwa kitambaa kizito cha jikoni. Walikuwa na shida moja: meza zao zilikuwa zinaungua. Silvio akaweka ubao mrefu juu ya matofali, wakayapanga makopo hapo, wakanywa kahawa, wakazungumza. Baadhi yao waliokuja Jumapili moja hawakuonekana Jumapili nyingine, na makopo yao yakabaki ubaoni kwa kukosa wa kuyachukua. Nje theluji ilifika magotini. Ndani walikaa na fulana.

Aliyekuja mwisho alikuwa Hollis Tubbs, jitu la Alabama, mchana dereva wa lori la mikate na Jumamosi jioni, kwa gauni na wanja, Kleopatra kwenye kilabu kimoja kando ya mto. Kopo lake alilibeba kwapani bila kitambaa.

"Shoga, humu ndani ni tanuri," alisema. "Unatuchoma kabla ya zamu zetu?"

"Lako mbona huliogopi?" aliuliza Silvio.

"Teo? Teo ni wa baridi tangu siku ya kwanza. Mshike." Silvio akamshika. Alikuwa wa baridi kama sahani. "Mimi nilisimama kanisani mbele ya shangazi zake wote nikasema, amekufa kwa Ukimwi na mimi ndiye mume wake. Walinitoa kwa miavuli, shoga. Ona, nina kovu. Lakini Teo wangu amelala." Akatembea mbele ya ubao, akiyasogelea makopo moja moja kwa kiganja. "Hawa wote, wewe ndiye uliyewaandikia?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo hivyo," alisema Hollis, akaomba sukari.

Tangu siku hiyo Silvio alijua la kufanya, na hakulifanya. Asihukumiwe haraka. Jioni alikuwa akilifunga kopo kwa sweta la kijani la Wendell, analilaza tumboni mwake, analala usingizi mzuri kuliko wa mtu yeyote katika jengo lile. Alimpenda, na alimpenda kwa ubinafsi wa mtu aliyeachwa. Kusema kweli kungekuwa kumzima. Vyama vya kuwapigania wagonjwa vilikuwa vimeshaanzishwa, watu walikuwa wanalala barabarani mbele ya ofisi za serikali na viwanda vya dawa, na Hollis alimwalika kila wiki. Silvio alijibu kwamba yeye ni mtu wa vitabu.

"Wa vitabu vya Rosalind," alisema Hollis.

"Hata hivyo ni vitabu."

"Malizia basi. Nataka kujua kama daktari wa farasi ataoa."

Mwezi wa Februari, akiwa anajikausha baada ya kuoga, Silvio aliona doa la zambarau kwenye muundi wa mguu, kiasi cha punje ya maharage. Alilijua. Lile la kwanza la Wendell lilitokea hapo hapo. Alivaa suruali akaketi kitandani, na hakufikiria kifo, maana kifo kilikuwa kama jirani, alifikiria tangazo. Atakayeliandika ni Assunta. Assunta alimpenda kuliko watu wote waliobaki duniani, na Assunta ataandika ugonjwa mrefu. Hatahitaji hata kutunga. Sentensi ipo tayari, ameiacha kaka yake mwenyewe.

Akavaa koti akaenda kwenye gazeti kubwa. Mama wa dawati la matangazo, mwenye miwani ya mnyororo na peremende mdomoni, alimkaribisha kwa heshima, kwa sababu walikuwa wakifahamiana kwa simu. Silvio alimweleza kwamba anataka kurudia tangazo la Wendell Tisdale, kwamba marehemu alikufa kwa Ukimwi, na kwamba ameacha mume.

"Hilo la kwanza hatuliandiki, bwana Marchetta. Familia zinalisoma gazeti hili wakati wa chai. Hilo la pili halina maana."

"Ni kweli yote mawili."

"Sijasema si kweli." Alimsogezea peremende. "Lakini kwa nini uharibu? Yale maneno yako ni mazuri. Mume wangu alipokufa nami niliyatumia."

Silvio akamuuliza mumewe alikufa kwa nini. Akasema alijiua. Kisha akageukia simu iliyokuwa ikilia.

Ndipo Silvio akamwendea Hollis. Chama kilikutana kwenye ukumbi wa chini ya ardhi ulionuka rangi na soksi, na watu walikuwa wakigombana kwa sauti kubwa juu ya dawa, hospitali, na nani kamnyima nani kipaza sauti. Silvio alinyoosha mkono kama mtoto wa shule. Alisema kwamba jumba la afya la serikali lililoko kusini mwa mji halijawahi kutamka jina la ugonjwa huo kwa sauti, na kwamba yeye ana ubao wa makopo nyumbani ambayo ni haki yao wapelekewe. Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja aliyezika wana wawili akauliza kama yanabebeka bila glavu.

Waliondoka asubuhi ya jua kali na baridi kali. Kila mmoja alibeba kopo kwa glavu za kuokea mikate, nyingine za maua, nyingine zenye picha za kuku. Theluji iliyeyuka walipopita, na nyuma yao lami ilibaki kavu njia nzima, kwa hiyo wazee waliokuwa wakiogopa kuteleza waliwafuata kwa muda. Mbele ya jumba la afya askari walikuwa wamepangwa kwenye ngazi wakikanyagakanyaga kwa baridi. Makopo yalipokaribia, askari wakasogea karibu zaidi, na mmoja akavua glavu.

Afisa akatoka mlangoni, mtu mwenye tai ya bluu. Alisema ofisi inalifuatilia suala hili kwa makini. Wakati akisema aliikunjua mikono yake juu ya kopo la yule bibi na kuisugua.

"Suala lipi?" aliuliza bibi.

"Hili," alisema afisa.

"Lina jina."

"Ofisi inalifahamu," alisema afisa, akarudi ndani mikono yake ikiwa na joto.

Silvio akapanda ngazi ya kwanza. Alikuwa ameandika vitabu vingi na hakuwahi kusema neno mbele ya watu. Sauti ilitoka nyembamba.

"Huyu ni Wendell Tisdale," alisema. "Mwalimu wa piano. Amekufa kwa Ukimwi. Ameniacha mimi, mume wake. Niliandika kwamba ni saratani na kwamba mimi ni rafiki. Niliandika uongo."

Kopo likaanza kupoa. Lilipoa taratibu, kutoka chini kwenda juu, kama chai iliyosahaulika mezani, na Silvio akavua glavu ili asiikose hata sehemu ndogo ya mwisho. Kisha likawa bati. Alilia, na hakujificha.

"Amepoa?" aliuliza Hollis.

"Amepoa."

"Haya. Endelea na wengine."

Akaendelea. Alifika kwa muuza maua wa kona na kwa mpishi wa Kiarmenia, na makopo yao yakapoa mikononi mwa waliowabeba. Alipofungua kinywa kwa jina la nne amri ikatolewa, askari wakamshika kwapani wakamburuta, na katika purukushani ile makopo yaliyobaki yakaanguka, vifuniko vikatoka, majivu yakamwagika kwenye ngazi yote pamoja, ya huyu na ya yule, yakaingia kwenye nyufa za jiwe. Maji yakimwagika hayazoleki, na majivu ni vivyo hivyo. Hollis alijaribu kwa kofia yake, akaunguza vidole.

Jioni ile, alipoachiwa, Silvio alikuta simu inalia.

"Amepoa," alisema Bi Tisdale. "Nilikuwa nimejilaza kidogo mchana, naye miguuni. Umefanya nini, Silvio?"

"Nimesema alivyokufa, mama. Mbele ya watu."

"Nilikuwa nalala naye," alisema Bi Tisdale. "Sikuwa nimelala tangu afe, na nilikuwa nalala." Akakata. Hakupiga tena, na Silvio hakumlaumu. Usiku huo yeye pia alilala na makoti mawili na soksi mikononi, na asubuhi kahawa ilimbidi akainywe mkahawani.

Mwenye kampuni ya vitabu aliona picha yake gazetini akiburutwa, akaamua kwamba Rosalind Vane amestaafu. Silvio hakubishana. Aliandika vipeperushi na hotuba za watu wengine, akapiga kelele mbele ya majumba mengi, akakamatwa hadi askari wakamzoea na kumuulizia afya yake. Hakimu alimkataza kulisogelea jumba la afya, basi majina ya waliomwagika aliyasema kutoka ng'ambo ya barabara kwa kipaza sauti, yote, tena na tena. Ngazi hazikupoa. Ilionekana marehemu wale wanataka wasemwe na walio ndani.

Walio ndani hawakusema. Waligundua kwamba ngazi hazigandi tena, wakaacha kununua chumvi ya kuyeyushia barafu. Makarani wakaanza kula chakula cha mchana pale hata mwezi wa Januari, wamekunja mikono ya mashati, na kikawekwa kibao cha kuwakumbusha wasiache makombo. Afisa wa tai ya bluu alipendelea ngazi ya tatu.

Silvio alilazwa majira ya mapukutiko yaliyofuata. Hospitalini sinia za chakula ziliachwa sakafuni nje ya mlango, kwa sababu wahudumu waliogopa kuingia. Assunta ndiye aliyeinama kuziokota. Alikuja kila siku kwa treni kutoka Brooklyn, akamlisha kwa kijiko, akampangusa, akamgombeza kwa kutokula, kisha akatoka kwenye korido akalia akiwa ameuma mkoba wake.

"Sikiliza, Assù," alisema Silvio siku moja alipokuwa na pumzi. "Tangazo langu. Sema Ukimwi. Sema nilikuwa mume wa Wendell. Nataka kupoa."

"Usiongee mambo hayo."

"Niapie."

"Naapa kwa mama," alisema Assunta, akambusu kwenye paji la uso, ambalo wauguzi walikuwa wakiligusa kwa glavu. Na alipoapa alikuwa anamaanisha.

Lakini Assunta alikuwa na mume, Dominick, na Dominick alikuwa na bucha. Silvio alipokufa, Dominick alikaa jikoni na aproni yake yenye damu, akasema kwa upole, maana hata yeye shemeji yake alimpenda, kwamba watu wa mtaa wao hawatanunua nyama kwenye mkono uliomshika. Akasema pia kwamba binti yao ameposwa, na wakwe ni watu wa Napoli, wakali kwa heshima ya ukoo. Assunta alitazama ukuta. Halafu akapiga simu kwenye dawati la matangazo ya vifo, na mama mmoja mwenye sauti ya peremende mdomoni akamwambia asihangaike, yapo maneno mazuri ya tayari.

Hollis alikwenda Brooklyn kudai kopo la majivu ya Silvio. Assunta alimkaribisha vizuri, akamwekea kahawa, akamnyima. Hollis aliweka kiganja karibu na kopo, akakiondoa.

"Dada, unajua kwa nini ana moto?"

"Najua," alisema Assunta.

"Neno moja tu. Dirishani, hata ukisema polepole."

"Dirishani kuna majirani," alisema Assunta, akamfungia mkate wa kwenda nao.

Kopo limekaa pale jikoni, kwenye kona iliyokuwa na baridi siku zote. Jumamosi Assunta hukanda unga, huufunika kwa kitambaa, huuweka ubavuni mwa kaka yake, na humwambia habari za nyumbani akingoja. Mikate yake siku hizi ni myepesi, na Dominick huiuza pale buchani. Wateja humuuliza siri yake, naye husema ni joto.